Michael West na Vijitabu vya Hadithi

Katika matoleo yaliyopita ya gazeti hili tumesoma maisha ya wapigania uhuru, ya wavumbuzi na ya viongozi wa dini. Safari hii nimemwomba Mhariri aniachie kurasa chache nieleze maisha ya mwalimu. Hakuongoza nchi wala hakupigana vita, na ingawa jina lake lajulikana kwa walimu wa Kiingereza duniani kote, wengi wetu tulimsoma bila kuliangalia. Ninyi wenzangu mliopita shuleni kwetu katika miaka ya 1960 mtalikumbuka lile kabati la vitabu lililokuwa nyuma ya darasa, ambalo funguo yake alikaa nayo kiranja. Rafu ya chini ilikuwa na vijitabu vyembamba vya kampuni ya Longmans, majalada yamechakaa, kurasa zimetiwa alama za vidole vya watu waliokula maembe. Ndani ya jalada, kwa herufi ndogo, paliandikwa Michael West.

Nimefundisha Kiingereza katika shule za sekondari kwa miaka thelathini na miwili, na kila nilipokwama nilirudi kwa mtu huyu. Kwa hiyo msishangae mkiona ninamwandika kwa upendo kidogo. Hata hivyo, si kila alichokisema nakikubali, na nitaeleza.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1888, akasoma katika Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 1912 akaajiriwa katika Idara ya Elimu ya India, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne. Alipelekwa Bengal, nchi ya mito, mpunga na watu wengi mno, na huko akakaa miaka ishirini. Kuanzia mwaka 1920 alikuwa mkuu wa Chuo cha Ualimu cha Dacca, mji ambao leo unaitwa Dhaka na ndio makao makuu ya Bangladesh. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Dacca kilifunguliwa katika mji huo huo, naye akawa na sehemu katika kazi za elimu huko pia.

Angeweza kukaa ofisini akatia saini barua mpaka siku ya pensheni, kama walivyofanya wengi. Yeye alikwenda madarasani akakaa nyuma, akasikiliza. Alichokiona hakikuwa kigeni kwetu sisi wa Afrika Mashariki. Watoto wa Kibengali walifundishwa Kiingereza miaka mingi. Walikariri kanuni za sarufi, walitafsiri sentensi moja moja, walisoma kwa sauti darasa zima kama kwaya, na walijiandaa kwa mtihani mkubwa wa kuingia chuo kikuu. Lakini wengi wao hawakuufikia mtihani huo. Mmoja aliacha shule kwa sababu ya ada, mwingine kwa sababu baba kafa, mwingine alikwenda kulima. Na mtoto aliyeacha njiani aliondoka na nini? Aliondoka na vipande vya sarufi. Hakuweza kusoma gazeti, hakuweza kusoma maelezo ya dawa ya mimea, hakuweza kusoma kitabu kimoja hadi mwisho.

Hapo ndipo West alipoleta wazo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote aliyoyaandika. Alilichukua kutoka katika mambo ya bima. Mtu akikata bima ya maisha ya miaka ishirini, kisha akashindwa kulipa baada ya miaka minane, kampuni humrudishia kiasi fulani. Kiasi hicho ndicho thamani ya bima iliyokatishwa njiani. West akauliza kuhusu shule swali hilo hilo: mtoto akikatisha masomo mwaka wa tatu, anarudishiwa nini? Somo ambalo faida yake huja tu kwa yule afikaye kileleni ni somo linalowaibia wote wanaoishia chini ya mlima, nao ndio wengi. Nisemapo kuibia ninatumia neno langu. Yeye alikuwa mpole zaidi.

Nawaomba wadogo zetu mlioko Kidato cha Kwanza na cha Pili mlitafakari swali hilo, maana ni lenu. Nasi wazee tulitafakari kwa upande wetu: katika wale walioanza nasi, wangapi walimaliza? Na wale walioishia njiani, Kiingereza walichokaa nacho miaka mingi kiliwafaa nini?

West alijibu kwamba kati ya kusema, kuandika, kusikiliza na kusoma, kusoma ndiko kunakolipa mapema. Mtoto wa mkulima wa Bengal hakuwa na Mwingereza wa kuongea naye kijijini, lakini kitabu kingeweza kumfikia popote. Tena kujifunza kuelewa maneno yaliyoandikwa huchukua muda mfupi kuliko kujifunza kuyatoa kinywani sawasawa. Hoja hizi alizieleza mwaka 1926 katika vitabu viwili. Kimoja kilikuwa taarifa ndefu juu ya watu wa lugha mbili katika Bengal, kilichochapwa na serikali ya India. Cha pili kilikuwa kidogo, juu ya kujifunza kusoma lugha ya kigeni.

Katika taarifa ile alieleza pia kwa nini Mbengali alihitaji Kiingereza. Hakudharau Kibengali, asingeweza, maana Rabindranath Tagore alikwisha kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1913. Alisema ni lugha ya moyo na ya nyumbani, ila haikuwa na vitabu vya kutosha vya sayansi na ufundi, na kwamba mataifa yenye lugha zisizo na vitabu hivyo hayana budi kusoma katika lugha nyingine. Hapa ndipo ninapoachana naye kidogo. Lugha haikosi vitabu kwa asili yake; hukosa vitabu kwa sababu hapana anayeviandika, anayevichapa na anayevinunua. Sisi wenye Kiswahili twalijua hilo vizuri. West alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na mtumishi huona mpaka pale bwana wake alipojenga ukuta. Lakini mtoto aliyekuwa mbele yake siku ile hakuweza kungoja vitabu viandikwe, na West alishughulika na mtoto huyo.

Basi akachukua vitabu vya kusomea vilivyotumika shuleni, akaanza kuhesabu maneno. Kazi ya kuchosha! Hapakuwa na kompyuta. Palikuwa na karatasi, kalamu na subira. Akaona makosa mawili. Kosa la kwanza, vitabu vile vilijaa maneno adimu, maneno ya kizamani na ya kishairi ambayo mtoto asingeyakuta tena maishani, huku maneno ya kila siku yakikosekana. Kosa la pili lilikuwa baya zaidi: maneno mapya yalimiminwa kama mvua ya masika. Ukurasa mmoja ulileta maneno mapya kadha wa kadha, na mengi yakapotea yasionekane tena. Mtoto hakuwa anasoma. Alikuwa anafumbua mafumbo, neno kwa neno, na alipofika mwisho wa sentensi alikwisha kusahau mwanzo wake.

Chukua ukurasa wenye maneno 200. Kama katika hayo 40 ni mageni kwako, basi kila ukisoma maneno matano unagonga jiwe. Nani atatembea njia hiyo kwa raha? Kama mageni ni manne tu, unatembea, unalikuta jiwe, unaliruka au unalikisia, unaendelea. Watafiti waliokuja nyuma ya West walilipima jambo hili. Marcella Hu na Paul Nation, katika uchunguzi wao wa mwaka 2000 uliotumia hadithi, walikuta kwamba msomaji anahitaji kuyajua maneno kama 98 katika kila 100 ndipo aelewe vizuri bila msaada. West hakuwa na tarakimu hiyo, lakini alikuwa ameshika njia hiyo hiyo.

Dawa yake ilikuwa na sehemu mbili kulingana na makosa mawili. Maneno adimu aliyatoa akaweka ya kawaida: commence likawa begin, na kadhalika. Na maneno mapya ambayo mtoto kweli aliyahitaji aliyatawanya, moja hapa, moja kule, na kila moja likarudiwa mara kadhaa katika kurasa zinazofuata mpaka lizoeleke. Kisha, na hapa ndipo somo letu la leo lilipo, maneno hayo akayatia ndani ya hadithi.

Kwa nini hadithi? Wapo walimu hata leo wanaoona kuwa hadithi ni mchezo, na kwamba mwanafunzi mwenye bidii asome maelezo ya jiografia. Mimi nimeona darasani kwa macho yangu. Maelezo ya jiografia mtoto huyasoma kwa kuwa ameamriwa. Hadithi huisoma kwa kuwa anataka kujua. Robinson Crusoe, kitabu cha Daniel Defoe cha mwaka 1719, kimejaa sentensi ndefu zinazozunguka kama njia ya ng'ombe, na mwanafunzi wetu wa Kidato cha Pili hawezi kuzipenya. Lakini kisa chenyewe ni chepesi. Mtu amevunjikiwa na jahazi, yuko peke yake kisiwani, amejenga, amelima, amefuga mbuzi, ameishi miaka bila kuona binadamu. Siku moja anatembea ufukweni anaona wayo wa mtu mchangani. Nani atafunga kitabu hapo? Neno moja gumu katika ukurasa ule haliwezi kumzuia msomaji; atalivuka kama mtu anayemkimbilia mwizi avukavyo ua wa miiba.

Tena hadithi ina tabia ya kurudia maneno yake bila kuchosha. Katika hadithi ya kisiwa, maneno ya mashua, bunduki, moto, hofu na pwani hurudi kila sura, kwa kuwa mambo yenyewe hurudi. Na hadithi humsaidia msomaji kukisia. Akijua kwamba mtu ana njaa na amekwenda msituni na bunduki, neno geni litakalofuata baada ya kufyatua risasi bila shaka ni mnyama au ndege. Kukisia huko ndiko ufahamu wenyewe. Mtihani wa ufahamu unaotutoa jasho Kidato cha Nne haupimi kitu kingine.

Mimi nilisoma Robinson Crusoe ya West nikiwa darasa la saba, kwa mwanga wa koroboi, nyumba ya mjomba. Nilikuwa sijawahi kumaliza kitabu cha Kiingereza. Nilikimaliza kwa siku tatu, nikakirudia, kisha nikaenda kwa kiranja kuomba kingine. Akanipa hadithi za Alfu Lela Ulela, pia kwa Kiingereza chepesi cha West. Hizo nilikuwa nimekwisha kuzisikia na kuzisoma kwa Kiswahili, na nikagundua kwamba kisa ukikijua kwa lugha yako, kile cha kigeni hukifuata kama mtoto amfuatavyo mama sokoni. Naliandika hili kwa ajili ya walimu vijana: msiogope kumpa mwanafunzi hadithi anayoijua tayari. Kisa kikiwa mwilini, akili yote hubaki kwa maneno.

Vitabu vyake vya mfululizo vilianza kutolewa na Longmans mwaka 1927, vikaenea India, Asia na Afrika. Mwaka 1932 aliondoka India, akafanya kazi kwa muda Toronto, Kanada. Miaka hiyo ndiyo aliyogombana na Basic English, na ugomvi wao unafaa kuelezwa kwa kuwa unaonyesha jinsi alivyofikiri. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitangaza kwamba amepata njia ya kusema mambo yote kwa maneno 850 tu, ambamo vitenzi vilikuwa 18. Dunia ilisisimka. Maneno 850! Mtu angejifunza kwa miezi michache. West na wenzake walichapisha uchunguzi wao mwaka 1934 wakapinga. Ukimnyima mwanafunzi kitenzi kimoja chenye maana yake, ukamwambia aunganishe put au give na vijineno vingine ili kupata maana hiyo, hujampunguzia mzigo. Umeufunika kwa kitambaa. Maneno ni 850, lakini maana anazopaswa kuzijua ni mara nyingi zaidi. Mwanafunzi wetu yeyote aliyewahi kuchanganya give up na give in atamwelewa West bila maelezo.

Mwaka huo huo wa 1934, kwa fedha za Carnegie, wataalamu walikutana New York kutafuta orodha ya maneno ambayo mgeni wa Kiingereza anayahitaji kwanza. Walikuwamo Harold Palmer aliyefanya kazi Japani, Lawrence Faucett aliyefundisha China, Edward Thorndike wa Marekani aliyehesabu maneno ya vitabu kwa mamilioni, pamoja na West. Taarifa yao ilitoka mwaka 1936. Vita Kuu ya Pili ikaichelewesha kazi hiyo, mpaka mwaka 1953 West alipotoa kitabu kinachojulikana kwa walimu wa Kiingereza kote duniani, orodha ya maneno kama 2,000. Si orodha ya maneno matupu. Kila neno limepewa maana zake, na kila maana imeonyeshwa inatumika mara ngapi katika mia, kutokana na hesabu ya maandishi ya maneno milioni tano. Hivyo mwandishi wa vitabu vya shule aliweza kujua siyo tu kwamba neno linafaa, bali ni maana yake ipi ifundishwe kwanza na ipi ingoje. Orodha hiyo ilitumika miaka sitini na zaidi. Mwaka 2013 watafiti wengine walitoa mpya iliyotokana na hesabu kubwa zaidi ya kompyuta, nao wakaipa jina lake lile lile wakiongeza tu neno la upya.

Kabla ya hapo, mwaka 1935, yeye na James Endicott, mmisionari wa Kanada aliyekuwa China, walikuwa wametoa kamusi ya wanafunzi. Ilieleza vipengele 24,000 vya Kiingereza kwa kutumia maneno 1,490 tu katika maelezo yote. Anayekumbuka uchungu wa kutafuta neno gumu katika kamusi na kukuta limeelezwa kwa maneno matatu magumu zaidi atajua thamani ya kazi hiyo. Kamusi nyingi za wanafunzi zilizofuata zilishika mtindo huo.

Watu walimlaumu, na baadhi ya lawama zina haki. Wapenzi wa fasihi walisema amemchuna Defoe ngozi akaacha mifupa. Ni kweli, mtu asidhani kwamba amekwisha kumsoma Stevenson kwa kuwa amesoma Treasure Island ya kurasa themanini. Palmer naye aliamini kwamba lugha ni sauti kwanza, na kwamba mtoto aanze kwa kusikia na kusema. Mimi baada ya miaka yangu ubaoni naona kila mmoja alikuwa na darasa lake kichwani. Aliyefundisha watoto ishirini na watano mjini alisema kweli, na aliyefundisha sabini mahali pasipo na redio alisema kweli pia.

Na West hakuwasahau wale sabini. Mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, alitoa kitabu kidogo juu ya kufundisha Kiingereza katika hali ngumu. Alikuwa anamfikiria mwalimu mwenye darasa la watoto zaidi ya thelathini, pengine arobaini au hamsini, waliobanana kwenye mabenchi, wenye uwezo usiolingana, katika nchi ya joto, na mwalimu mwenyewe Kiingereza chake si kizuri sana. Nilipokisoma mara ya kwanza nilitazama nyuma nikidhani mwandishi kasimama dirishani kwangu. Wataalamu wengi huandika kwa ajili ya shule zilizoko kwenye ndoto. Huyu aliandika kwa ajili ya shule zilizopo.

Katika kitabu hicho imo njia moja ambayo nimeitumia mpaka nikastaafu, nayo haihitaji fedha. Wanafunzi wawili wanakaa wakitazamana, kila mmoja na kitabu cha hadithi yenye mazungumzo. Wa kwanza anausoma mstari wake kimya. Kisha anainua uso, anamtazama mwenzake machoni, na anausema mstari huo bila kutazama kitabu. Mwenzake anafanya vivyo hivyo. Sheria ni moja: mdomo usifunguke wakati macho yako kitabuni. Yaonekana kama mchezo wa watoto, lakini ona kinachotokea. Anayesoma kwa sauti huku anatazama kitabu anaweza kupitisha maneno kutoka machoni hadi mdomoni yasipite akilini. Anayeinua uso hawezi. Ni lazima auchukue mstari mzima, auelewe, aubebe, autoe. Darasa la watoto sitini linaweza kufanya hivyo kwa pamoja, jozi thelathini, na kelele zake ni kelele njema. Kuna mkuu mmoja wa shule aliyekuja mbio akidhani darasa langu linapigana.

Michael West alifariki mwaka 1973. Kazi yake iliendelea mahali alipokuwa hajafika. Huko Fiji, mwaka 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vyenye kuvutia, 250 kwa kila darasa, katika shule nane za msingi za vijijini ambako watoto walikuwa wakijifunza Kiingereza. Shule nyingine zikaendelea na masomo ya kawaida ili zilinganishwe. Watoto wa vitabu vya hadithi walipiga hatua katika kusoma na kusikiliza kwa kasi kama mara mbili ya kawaida, na mwaka wa pili faida ikaonekana hata katika sarufi na kuandika, mambo ambayo hawakuwa wakifundishwa zaidi ya wenzao.

Na hapa kwetu Tanzania je? Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliwapima wanafunzi wetu tangu shule za msingi hadi vyuo. Matokeo yao yaliumiza. Katika Kidato cha Nne ni kama asilimia kumi tu ya wanafunzi waliokuwa wamefika kiwango ambacho mtu angetarajia masomo ya Kiingereza ndiyo kwanza yaanze. Yaani miaka minne ya fizikia, historia na baiolojia ilikuwa imepita juu ya vichwa vyao kama ndege. Nilikuwa mwalimu wakati huo, na taarifa ile haikuniambia nilichokuwa sikijui. Wanafunzi walinakili ubaoni, wakakariri, wakaandika katika mtihani walichokariri. Mwaka 1987, kwa msaada wa Uingereza, ukaanza mpango wa kuinua Kiingereza katika sekondari, na sehemu yake kubwa ilikuwa kuleta vitabu vyepesi vya hadithi, vya ngazi mbalimbali, ili wanafunzi wavisome vingi na haraka.

Masanduku yale nayakumbuka. Wapo wanazuoni wetu, akiwamo Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliosema kwamba tiba ya kweli ni kufundisha masomo kwa Kiswahili na Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo. Naungana nao, na sioni kwamba hoja hiyo yakataa vijitabu vya hadithi. Masomo yakiwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, mtoto anayejifunza lugha ya kigeni bila kusoma hadithi ndani yake anajifunza kuogelea mchangani.

Sasa nafika kwenye jambo la nyumbani. Katika mkutano wetu uliopita Jumuiya iliazimia kuijaza upya maktaba ya shule, na michango imeanza kuingia. Nilikwenda kuitazama maktaba hiyo mwezi uliopita. Rafu zimejaa. Zimejaa vitabu vilivyoletwa kwa makontena na wafadhili: sheria za kodi za nchi za mbali, kompyuta za mwaka 1995, riwaya nene za kurasa mia sita zenye maandishi madogo. Vina vumbi. Daftari la kuazima lina majina machache mno kwa muhula mzima, na mengi ni ya walimu. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili aliyenisindikiza nilimpa riwaya moja ya rafu ya juu, nikamwomba asome ukurasa wa kwanza na kuhesabu maneno asiyoyajua. Alihesabu hadi hamsini na moja, akanitazama kwa adabu, akauliza kama anaweza kuacha.

Nilikuwa na kijitabu chembamba mfukoni, hadithi ya upelelezi ya ngazi ya tatu. Nikampa. Alihesabu saba. Sikumwona akikirudisha.

Naiomba Kamati iamue katika kikao chake kijacho kwamba fedha zetu zisinunue kitabu kimoja kinene hata kama ni cha bure nusu bei. Tununue hadithi nyepesi za ngazi, na kwa kila ngazi nakala nyingi za vitabu vichache ili darasa zima lisome kimoja pamoja, kisha vitabu vingi vya nakala mojamoja vya kuazima. Ziwemo hadithi za waandishi wa Afrika zilizoandikwa kwa Kiingereza chepesi. Zipo, na wauzaji wetu wanazo. Ziwemo pia za Kiswahili, maana anayependa kusoma kwa lugha yake hupenda kusoma. Ngazi ziandikwe mgongoni kwa rangi, ili mwanafunzi ajue aanzie wapi bila kuona aibu ya kuuliza. Na kabati lisifungwe kwa kufuli. Kiranja akae na daftari, si na funguo.

Mwalimu wa maktaba amekubali kutenga kipindi kimoja kila Jumatano mchana cha kusoma kimya, walimu nao wakisoma. Ameniomba nije nionyeshe lile zoezi la kuinua uso. Nitakwenda. Wenzangu walio karibu na shule siku hiyo waje, na kila mmoja alete kitabu kimoja chembamba.